Habari za Shamba la Shule Katika Kenya, Tangu 1924



Katika mkutano wetu mkuu, Kamati ilipoleta pendekezo kwamba Chama kisaidie shule ya msingi ya hapa petu kuanzisha bustani ya mboga, mzee mmoja aliinuka polepole, akaegemea bakora yake, akauliza: "Je, watoto tumewapeleka shule wasome, au walime?" Baadhi yetu tulicheka. Mzee hakucheka. Alisema kwamba yeye alianza shule mapema katika miaka ya hamsini, na kwamba baba yake aliuza mbuzi ili alipe karo. Jembe lilikuwapo nyumbani bure. Hapakuwa na haja ya kuuza mbuzi ili kwenda kulifuata mahali pengine.

Kamati iliniagiza nitafute habari za jambo hili na kuziandika katika kitabu hiki cha mwaka, kabla kura haijapigwa. Nimetafuta. Nimeona kwamba swali la mzee lina umri wa karibu miaka mia moja, na kwamba waliouliza kabla yake hawakuwa wajinga wala wavivu.

Yafaa tuanze na mwaka wa 1924. Mwaka huo ilifika Afrika ya Mashariki tume iliyotumwa na Mfuko wa Phelps-Stokes wa New York, kiongozi wake akiwa Thomas Jesse Jones. Miongoni mwa wajumbe alikuwamo Mwafrika mmoja, James Aggrey wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Tume ilizunguka ikitazama shule za misheni na za Serikali, na taarifa yake ikachapishwa mwaka wa 1925. Neno lake kubwa lilikuwa hili: elimu ya Mwafrika isiwe ya vitabu tu, bali ishikamane na maisha ya kijijini, yaani afya, nyumba na kilimo. Mfano waliouleta ulitoka Marekani, katika shule za watu weusi za Hampton na Tuskegee, ambako wanafunzi walisoma huku wakifanya kazi za mikono.

Katika mwaka huo huo wa 1925 ilifunguliwa Shule ya Jeanes huko Kabete. Jina hilo lilitoka kwa bibi mmoja wa Philadelphia, Anna Jeanes, ambaye mwaka wa 1907 alitoa dola milioni moja kwa ajili ya shule za watu weusi wa mashambani kwao. Mkuu wa kwanza wa Kabete alikuwa James Dougall, aliyekuwa mwandishi wa ile tume. Walioingia huko hawakuwa watoto. Walikuwa walimu watu wazima, nao walikuja pamoja na wake zao, wakafundishwa jinsi ya kuzunguka katika shule ndogo za vijijini, kuwaongoza walimu wa huko, na kuwaonyesha wananchi usafi wa nyumba, malezi ya watoto na ukulima ulio bora. Shule hiyo ilidumu hata mahali pale pakageuzwa kuwa chuo cha utawala mwaka wa 1961.

Sitaki kuwasingizia watu hao nia mbaya. Mwalimu wa Jeanes alikuwa mtu wa maana katika wilaya yake, na wako wazee waliojifunza kuchimba choo na kutunza samadi kutoka kwake. Wala hapana aibu katika kumfundisha mtoto wa mkulima kilimo. Aibu ilikuwa mahali pengine.

Fikirini hali ya mzazi katika miaka ile. Ardhi nzuri ya nyanda za juu ilikuwa imetengwa kwa walowezi. Mtu mzima alivaa kipande shingoni na kulipa kodi ya nyumba, na ili kuipata kodi hiyo wengi walilazimika kwenda kulima, kwa jembe, katika shamba la mwingine. Kijana aliyejua kusoma na kuandika aliweza kuwa karani au mwalimu. Basi mzazi alipouona mwanawe akitolewa darasani saa za mchana na kupewa jembe, aliona anatayarishwa kwa kazi ile ile aliyotaka aepushwe nayo. Tena kulikuwa na jambo lenye uchungu zaidi. Mtoto alifundishwa kupanda, na baba yake akakatazwa kupanda zao lenye bei. Kahawa ilikuwa ya walowezi. Waafrika wachache wa Kisii, Meru na Embu waliruhusiwa kuijaribu katika miaka ya 1930, kwa miche iliyohesabiwa, na mlango haukufunguliwa kwa upana mpaka ulipokuja Mpango wa Swynnerton wa 1954. Kwa muda wa miaka thelathini hivi somo la kilimo lilikuwa somo la kupanda mahindi na maharagwe kwa mistari iliyonyoka, katika nchi ambamo fedha zilikuwa katika kahawa.

Wazee wetu walijibu kwa vitendo. Mabaraza ya wenyeji, yaliyoanza mwaka wa 1925, yalitoza watu wake fedha za kujengea shule zilizo kubwa zaidi, na walichotaka humo ni Kiingereza na hesabu. Wakikuyu walijenga shule zao za kujitegemea, na mwaka wa 1939 chuo cha walimu cha Githunguri, mpaka Serikali ya kikoloni ilipozifunga shule hizo wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka wa 1952. Na udongo wenyewe ulikuwa umekwisha kutiwa siasa. Mwaka wa 1947 watu wa Murang'a walikataa kuendelea na kazi ya kulazimishwa ya kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Matuta yalikuwa na faida, na leo hapana anayebisha. Bali kitu chema kikiletwa kwa amri na faini hunuka. Mzee wetu aliyeuliza swali aliingia darasa la kwanza muda mfupi baada ya hayo.

Hapo naomba ruhusa niseme habari yangu mwenyewe. Mimi nilisoma baada ya Uhuru, katika miaka ya sabini, katika shule ambayo sitaitaja. Palikuwa na shamba la ekari mbili nyuma ya madarasa. Aliyechelewa alilima. Aliyezungumza lugha ya nyumbani alilima. Aliyeshindwa hesabu alilima, ingawa sikuona jinsi jembe lingemsaidia kugawanya. Wanafunzi wema waliokaa darasani hawakuligusa shamba hilo kamwe, na kwa hiyo hawakujifunza lolote juu yake. Mahindi yalipokomaa tuliyavuna sisi wahalifu, yakapakiwa katika mkokoteni, yakapelekwa nyumba za walimu. Hatukupewa hata bisi. Katika miaka saba sikuambiwa kwa nini mahindi hupandwa pamoja na maharagwe. Nilikuja kuambiwa nikiwa mtu mzima, na bwana shamba mmoja, kwamba mizizi ya maharagwe huurudishia udongo rutuba. Serikali ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka wa 2001. Nahofia kwamba katika shule nyingine jembe lilichukua nafasi ya kiboko, na kwamba lingalipo hapo.

Lakini habari si za huzuni tupu. Kusini mwa bara hili sikwenda kutafuta. Mifano miwili ya hapa kwetu yatosha.

Wa kwanza ni Chavakali, katika nchi ya Maragoli, ambako watu ni wengi na vipande vya ardhi ni vidogo. Shule ya sekondari ilifunguliwa huko mwaka wa 1959, wanafunzi wakitoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni. Mapema katika miaka ya sitini, kwa msaada wa Wamarekani, kilimo kilifundishwa huko kama somo kamili: udongo, mbolea, wanyama, magonjwa ya mimea, na hesabu ya faida na hasara. Kilikuwa somo la kichwa na la mikono pamoja, lenye daftari na mtihani. Baadaye shule nyingine zilifuata mfano huo. Angalieni tofauti: mwanafunzi wa Chavakali alikwenda shambani kwa sababu ilikuwa zamu ya somo, mwema na mtundu pamoja.

Wa pili ni vyama vya 4-K, vilivyoanzishwa mwaka wa 1962, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Mtindo wake ulitoka kwa 4-H ya Marekani, ambayo chanzo chake ni vilabu vya wavulana na wasichana vilivyoanzishwa na mwalimu A. B. Graham katika jimbo la Ohio mwaka wa 1902. Kule wakulima walikuwa hawasikii ushauri wa wataalamu wa mbegu, lakini mzee aliyemfukuza mtaalamu hakuweza kumfukuza mwanawe mwenye mahindi marefu kuliko yake. Hapa kwetu herufi nne ziligeuzwa kuwa Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, na aliyebuni maneno hayo alistahili zawadi. Mtoto wa 4-K alikuwa na mradi wake, kitalu au kuku au sungura, naye aliutunza, akauandika, akauonyesha siku ya maonyesho mbele ya wazazi. Ilikuwa pia miaka ya mbegu mpya: mahindi ya chotara kutoka kituo cha utafiti cha Kitale yalianza kutolewa kwa wakulima mwaka wa 1964.

Vyama hivyo vilififia baadaye katika shule nyingi. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, ulirudisha kilimo kwa nguvu na kukitahini pamoja na sayansi katika darasa la nane, lakini mtihani wa karatasi ulikuwa na tabia ya kumla mwenziwe: mtoto alikariri aina za udongo bila kutia kidole ndani yake. Mtaala wa umilisi, ulioenea nchini kuanzia 2019, ulikifanya kilimo kuwa somo tangu darasa la nne, na mwaka wa 2021 Rais Uhuru Kenyatta alivizindua upya vyama vya 4-K.

Nimesoma pia habari za Profesa Wangari Maathai na Chama cha Ukanda wa Kijani, alichokianzisha mwaka wa 1977. Viwanja vya shule vilikuwa miongoni mwa mahali miti yake ilipopandwa. Jambo lililonivuta katika kazi hiyo ni dogo: akina mama waliootesha miche walilipwa fedha kidogo, si kwa mche uliopandwa, bali kwa mche uliokubali kukua. Nadhani hapo pana siri ambayo shule zetu ziliikosa kwa muda mrefu. Aliyetunza apate.

Basi, nirudi kwa pendekezo letu. Baada ya kuzisoma habari hizi, Kamati ililibadilisha. Mwanzo tulikusudia mahindi, kwa mazoea tu. Mahindi hayafai. Katika nchi yenye baridi kama yetu yataka miezi sita au zaidi, na muhula wa shule haufiki miezi minne. Mtoto hupanda asivune, au huvuna asichopanda. Terere na kunde huchumwa baada ya majuma machache tu, tena huchumwa na kuchipuka. Na managu na saga hazicheleweshi sana. Mboga hizi zilihesabiwa kuwa magugu na chakula cha maskini nilipokuwa mtoto, mpaka watafiti wa Makumbusho ya Taifa na wenzao walipoanza kuzitetea katika miaka ya 1990. Sasa sokoni mafungu yake huisha mapema. Na wenye kuzijua mbegu zake vizuri kuliko mwalimu yeyote ni hawa mama na nyanya zetu waliomo katika Chama.

Masharti tuliyoyaandika ni machache. Jembe la bustani lisitolewe kuwa adhabu, na mwalimu akilitoa hivyo Chama kiondoe msaada wake. Kila darasa liwe na tuta lake na daftari lake. Mavuno yaingie kwanza katika sufuria ya chakula cha mchana cha watoto, na yakizidi yauzwe, fedha zikaandikwa katika daftari ambalo watoto wenyewe wanalisoma. Saa za bustani zisichukuliwe katika saa za hesabu wala za lugha. Sharti hilo liliongezwa kwa ajili ya mzee wetu.

Nilimpelekea masharti hayo nyumbani kwake nikamsomea. Alisikiliza, akaniomba nirudie lile la adhabu, kisha akauliza jambo ambalo hakuna hata mmoja wa Kamati aliyekuwa amelifikiria. "Mwezi wa Aprili shule hufungwa," alisema, "na Aprili ndio wakati wa mvua na palizi. Na Agosti je? Mboga zitanyweshwa na nani? Na mbuzi za jirani zitafukuzwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Kamati itakutana kabla ya likizo ijayo, na mwenye shauri aliandike na kumpa katibu. Mzee amekubali kuhudhuria, na ametoa sharti lake mwenyewe, kwamba ukuta wa miiba upande wa bondeni uwe umekwisha kabla ya mbegu yoyote kutiwa ardhini.