Chombo Kinachobebwa: Mtumbwi katika Maziwa ya Mpaka wa Minnesota na Ontario

Kaskazini mwa Minnesota nchini Marekani, pale jimbo hilo linapopakana na Ontario ya Kanada, ardhi imekaa juu ya miamba iliyo miongoni mwa ile ya kale kabisa duniani, na barafu kuu iliyoyeyuka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita iliichimba miamba hiyo na kuacha mabonde mengi yaliyojaa maji. Maziwa hayo hayafanani na Superior, ziwa kubwa lililo mashariki yake, kwani mengi huvukwa kwa kafi katika muda wa saa chache, na kati ya moja na jingine hulala kinamasi, poromoko la maji au kilima cha mawe. Msafiri wa nchi hiyo alihitaji chombo cha kumchukua majini ambacho yeye naye angeweza kukichukua nchi kavu, na hivyo historia ya uvuvi, biashara na matembezi ya huko imetawaliwa kwa muda mrefu na suala la uzito: chombo na shehena yake vina kilo ngapi, na ni mabega ya nani yatakayovipokea.

Kipande cha nchi kavu kinachounganisha maziwa mawili kiliitwa na Wafaransa portage, jina linalotokana na kitenzi cha kubeba, na katika insha hii kitaitwa njia ya upagazi. Njia hizo zilikanyagwa na wenyeji karne nyingi kabla ya Wazungu kufika. Miongoni mwa wenyeji wa nchi hiyo, na ambao wangali humo hadi leo, ni Waojibwe, ambao hujiita Anishinaabe na ambao mtumbwi wao huitwa jiimaan.

Neno mtumbwi lenyewe linahitaji kuelezwa, kwa kuwa kwa msemaji wa Kiswahili humaanisha kwanza gogo lililochongwa na kufukuliwa, na chombo cha namna hiyo kingekuwa kizito mno kwa njia za upagazi. Jiimaan ilitengenezwa kwa gome la mti uitwao betula, ambalo huambuliwa mwanzoni mwa kiangazi likiwa bado laini, kisha hutandazwa chini upande wa ndani ukitazama ardhi, hukunjwa juu, na vipande vyake hushonwa pamoja kwa mizizi ya sprusi, mti wa jamii ya misonobari. Mataruma ya mwerezi yalipachikwa baada ya ganda kukamilika, utaratibu unaokumbusha mtepe wa pwani ya Waswahili, ambao nao ulishonwa mbao zake kwanza na kuwekewa mataruma baadaye. Badala ya pamba na sifa, mishono ilikalafatiwa kwa utomvu wa sprusi uliochanganywa na mafuta ya wanyama na masizi ya mkaa. Wanawake walikuwa na sehemu kubwa katika kazi hiyo, hasa kukusanya mizizi na kushona, na chombo kilichopatikana hakikuwa na mkuku wala msumari hata mmoja, kilielea katika maji ya kina kifupi, na kilipopasuka kiliweza kuzibwa kwa vitu vilivyoota ufukweni.

Kwa mtumbwi huo Waojibwe walitega nyavu, na usiku wa majira ya machipuko, samaki walipokuja kutaga mayai kwenye maji ya kina kifupi, waliwachoma kwa mkuki kwa mwanga wa mienge iliyowekwa omo. Mienge hiyo ndiyo iliyowafanya Wafaransa waliite ziwa moja la Wisconsin, jimbo jirani, Lac du Flambeau, yaani Ziwa la Mwenge. Samaki aliyetafutwa sana ni ogaa, mwindaji wa usiku ambaye macho yake hurudisha mwanga kama ya paka, na ambaye kwa Kiingereza hujulikana kama walleye.

Biashara ya ngozi za biva, mnyama wa majini ambaye manyoya yake yalitumiwa kutengenezea kofia za Ulaya, iliuchukua mtumbwi wa gome na kuukuza bila kubadili asili yake. Katika nusu ya pili ya karne ya 18 kampuni ya North West, yenye makao yake Montreal, ilituma mitumbwi ya urefu wa karibu mita 11, ikiwa na tani kadhaa za bidhaa, hadi Grand Portage kwenye ufuko wa Superior. Huko bidhaa zilihamishiwa mitumbwi midogo ya karibu mita 7.5 ambayo watu wawili waliweza kuibeba, kwa sababu kuanzia hapo hadi mto Pigeon kulikuwa na njia ya upagazi ya kilomita 13.7 iliyoyakwepa maporomoko ya mto huo.

Wapiga makafi wa kampuni, wengi wao Wafaransa wa Kanada waliojulikana kama voyageurs, yaani wasafiri, walipokea mitumba, kwa maana ya kale ya robota la mpagazi, kila mmoja ukiwa na ratili 90, au kilo 41, ambazo kwa kipimo cha pwani ya Afrika Mashariki ni frasila mbili na nusu. Kwa desturi mtu alibeba miwili kwa safari moja. Mzigo ulining'inizwa kwa ukanda wa ngozi uliopita kwenye paji la uso, kama ule ambao wanawake wa Kikuyu walibebea kuni, ili shingo na uti wa mgongo vishirikiane kuuhimili. Umbali ulihesabiwa kwa vituo ambapo mizigo ilishushwa kwa muda mfupi, na kwa hiyo urefu wa njia ulipimwa kwa idadi ya mapumziko.

Mwaka 1803 kampuni hiyo iliihama Grand Portage na kujenga Fort William upande wa Kanada, uliokuwa chini ya Uingereza, kwa kuwa mahali pa kwanza palikuwa ndani ya Marekani na ushuru ulitarajiwa. Mpaka wenyewe ulikamilishwa katika sehemu hiyo na mkataba wa Webster na Ashburton wa mwaka 1842, ambao uliagiza kwamba njia za maji na njia za upagazi zilizozoeleka ziwe wazi kwa raia wa pande zote mbili. Mwaka 1854, kwa mkataba wa La Pointe, Waojibwe wa Superior waliiachia serikali ya Marekani ardhi ya kaskazini-mashariki mwa Minnesota, lakini walibakiza haki ya kuwinda na kuvua humo.

Baada ya ngozi zilikuja mbao na madini, kisha reli ikaleta watu wa mjini waliosafiri kwa starehe. Vifaa vyao vilirithi maarifa ya wapagazi. Mwaka 1882 Camille Poirier, fundi viatu wa mji wa Duluth, alipata hataza ya mfuko wa turubai wenye mikanda ya mabegani pamoja na ule wa paji la uso, na aina hiyo ya mfuko ingali ikiitwa kwa jina la mji huo. Katika jimbo la Maine, mafundi walikuwa wameanza kubadilisha gome kwa turubai iliyopakwa rangi juu ya mataruma na mbao nyembamba za mwerezi, na umbo la jiimaan likabaki. Mwaka 1909 Marekani ilianzisha Msitu wa Taifa wa Superior, na mwaka huohuo Ontario ikatenga hifadhi ya Quetico upande wa pili wa mpaka.

Mwaka 1909 ndipo pia Ole Evinrude, mhamiaji kutoka Norwe aliyeishi Milwaukee, alipoanza kuuza injini ya kupachikwa tezi. Haikuwa ya kwanza ya aina yake, lakini ndiyo iliyoenea. Baada ya Vita Kuu ya Pili ndege zinazotua majini zilianza kuwashusha wavuvi kwenye maziwa ya ndani bila wao kukanyaga njia moja ya upagazi, na malalamiko ya waliotaka utulivu, akiwemo mwandishi na kiongozi wa safari Sigurd Olson, yalimfanya Rais Truman mnamo Desemba 1949 apige marufuku ndege kuruka juu ya eneo hilo chini ya futi 4,000 kutoka usawa wa bahari.

Wakati huohuo mtumbwi wenyewe ulikuwa ukipungua uzito kwa msaada wa viwanda vya vita. William Hoffman, ofisa wa kampuni ya ndege ya Grumman, alichoshwa mwaka 1944 na mtumbwi wa turubai alioubeba milimani New York, na kuanzia mwaka 1945 kampuni hiyo iliuza mitumbwi ya alumini iliyofinyangwa kwa ufundi wa mabawa ya ndege. Ilikuwa na kelele ilipogonga mwamba, lakini ilihimili mwamba huo, na mmoja wa kawaida wa futi 17 ulikuwa na kilo 34 hivi. Baadaye nyuzi za kevla, zilizogunduliwa na mkemia Stephanie Kwolek mwaka 1965, zilipunguza uzito wa mtumbwi wa ukubwa huo hadi chini ya kilo 20.

Sheria ilikwenda upande wake. Ile ya mwaka 1978, iliyotiwa saini na Rais Carter baada ya mabishano makali, ilikomesha ukataji wa mbao katika eneo la maziwa ya mpaka lililohifadhiwa upande wa Minnesota na kuruhusu injini katika takribani robo tu ya maji yake. Kwa wenye hoteli na wakazi wa mji wa Ely huo ulikuwa unyang'anyi wa riziki. Kwa wapenzi wa pori ulikuwa ulinzi. Kwa jicho la historia, sheria hiyo iliurudisha uzito mabegani mwa msafiri kama sharti la kuingia, wakati ambapo viwanda vilikuwa vimekwisha kuuondoa.

Kuna kazi moja ambayo haikuhitaji kurudishwa. Manoomin, nafaka ya majini iliyo chakula na kitu kitakatifu kwa Waojibwe, huvunwa mwishoni mwa kiangazi na watu wawili katika mtumbwi, mmoja akisukuma kwa pondo, mwingine akiinamisha mashuke kwa fimbo na kuyapiga taratibu ili punje zilizoiva zianguke ndani na zilizobaki zizame na kuota mwaka ujao. Sheria ya Minnesota haimruhusu mvunaji kutumia injini katika mavuno hayo, na huweka kikomo cha urefu na upana wa chombo chake. Vipimo ilivyoviweka ni vya mtumbwi.