Reli ya Butere, Mkia wa Njia Iliyoanzia Kisiwani

Anayeshuka stesheni ya Butere, kaunti ya Kakamega, amefika mwisho wa reli. Mbele hakuna mataruma tena. Mwanzo wa njia hiyo uko kisiwani Mombasa, ambako ujenzi ulianza mwezi Mei 1896, kisha reli ikavuka mkono wa bahari pale Makupa na kuingia bara.

Hata hivyo, watu wa Pwani waliijua nchi hii kabla ya chuma. Misafara yao ilipiga kambi Mumias, jirani na Butere, makao ya Nabongo, yaani mfalme, wa Wanga, ikisaka pembe za ndovu na kujaza chakula cha safari ya Buganda. Nabongo Mumia, aliyeshika utawala mwaka 1882, aliwakaribisha. Ndiyo sababu Uislamu na Kiswahili vilitia mizizi Mumias mapema.

Reli ilipokuja, ilimpita Mumia kando. Upimaji wa njia ya reli mwanzoni mwa miaka ya 1890 ulilenga Port Victoria, katika Busia ya leo. Baadaye ikachaguliwa njia fupi zaidi, na Desemba 1901 reli ikafika ziwani Kisumu. Mizigo ya Uganda ikahamia huko na kuvushwa kwa meli, na misafara haikuwa tena na sababu ya kulala Mumias. Mwaka 1920 makao makuu ya wilaya nayo yakahamishiwa Kakamega.

Tawi la Butere lilijengwa miongo mitatu baada ya reli kufika Kisumu. Kutoka Kisumu linapita Maseno, karibu na mstari wa Ikweta, kisha Luanda na Yala, jumla ya kilomita 69. Enzi hizohizo, mwaka 1931, dhahabu iligunduliwa Kakamega na wachimbaji wakamiminika, lakini reli haikuifuata. Tawi hili lilikuwa la mkulima na mchuuzi: magunia ya mahindi yaliyoteremka Kisumu, na akina mama waliopanda na vikapu kwenda sokoni. Mji wa Kakamega wenyewe ulikua kwa barabara, na hadi leo hauna stesheni.

Baada ya miaka ya kudorora, reli ya Nakuru hadi Kisumu ilikarabatiwa, na kipande cha Butere pamoja nayo. Desemba 2021 treni ya abiria kutoka Nairobi ikarejea Kisumu.

Ukarabati huo usiwe wa kupigiwa picha tu. Historia ya Mumias inaonyesha kinachoupata mji unapopitwa na njia. Butere imebahatika kuwa na reli, basi itunzwe na itumike, mkulima asilazimike kutegemea lori peke yake. Na kutoka Butere hadi Mumias ni mwendo wa kilomita kama 15 tu. Njia iliyoanzia kisiwani bado haijafika pale misafara ya kisiwani ilipokuwa ikitua mizigo.