Elfu Thelathini na Nane

Kijana wa wakala wa kukusanya madeni alinipata ndani ya matatu. Mkopo wa benki nilioacha kulipa 2013, salio likiwa 38,000 bila riba, eti sasa ni 171,400. Lipa leo, ama CRB.

Nikasema heri nitume elfu mbili nipumue. Bahati nzuri sikutuma.

Hesabu kama hiyo imegombewa tangu zamani. Warumi waliweka sheria: riba ambayo haijalipwa ikifika sawa na deni lenyewe, inasimama. Sheria ya Wahindu ilikuwa na yake, damdupat, mara mbili basi. Waholanzi wakaibeba ile ya Kirumi hadi Afrika Kusini. Sisi tulichelewa. Watu waliuziwa mashamba kwa riba iliyoumeza mkopo mzima, ndipo kifungu cha 44A kikaongezwa kwenye Sheria ya Benki, kikaanza kazi Mei 1, 2007. Tangu siku mkopo unapohesabiwa kuwa haulipwi, riba ya baadaye haipiti deni lililokuwa limebaki.

Halafu kuna ukomo: kesi ya mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6. Ukikiri deni kwa maandishi, au ukilipa hata kidogo, miaka yaweza kuanza kuhesabiwa upya. Zile elfu mbili zangu!

Basi nikaandika barua, bila kukiri chochote: leteni mkataba, taarifa ya akaunti, na hesabu ya riba mwaka kwa mwaka.

Wiki mbili kimya. Kisha ujumbe: "Tukubaliane 60,000."

Mkataba bado haujaletwa.