Nyumba Yetu, Kiwanja cha Mwenyewe

Uani kwa bibi yangu, Jang'ombe, palikuwa na mnazi tuliokatazwa kuugusa. Nazi zikikomaa alikuja kijana na kitanzi chake cha kamba, akabisha hodi, akakwea, akaangua. Nazi mbili alizifua pale pale akamwachia bibi, zilizobaki akazitia kwenye pakacha akaenda zake. "Mnazi ule una wenyewe, mwanangu," bibi alinambia. "Yetu ni nyumba." Nikauliza, na kiwanja je? Kiwanja nacho kilikuwa na mwenyewe, wala hakuwa yule wa mnazi.

Kwa kizazi kilichozoea hati moja yenye muhuri, mambo haya ni kioja. Lakini ukitaka kuielewa Ng'ambo, upande wa mji wa Unguja ilimo Jang'ombe, anza na mnazi ule, kisha urudi nyuma hadi vijiji vya Makunduchi na Chwaka.

Wenyeji wa kale wa Unguja ni Watumbatu wa kaskazini na wale wa kusini na mashariki walioitwa Wahadimu. Jina hili la pili linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mtumishi, na wengi hawalipendi; mtu atakwambia yeye ni Mmakunduchi, au ni Mshirazi, basi. Katika miji yao ardhi ilikuwa ya ukoo. Kiambo, yaani mahali pa nyumba na miti, kilishikwa na jamaa kwa pamoja. Uliyepanda mnazi, mnazi wako, na watoto wako wataurithi. Udongo ulioubeba hukuwa na ruhusa ya kuuza kwa mgeni. Nje ya kiambo kuna uwanda, ardhi ya mawe na vichaka, iliyolimwa misimu michache ikaachwa ipumzike. Mambo ya mji yaliamuliwa na wazee walioitwa watu wanne, na mvyale alikuwa ndiye mwenye kujua mizimu ya mahali na wakati wa kuingia shambani. Mambo haya hayakuandikwa, lakini kila mtu aliyajua.

Karne ya 19 ikaja na karafuu. Ardhi nzuri ya magharibi na katikati ya kisiwa ikawa mashamba ya Waarabu waliokuja na utawala wa Sultani Sayyid Said, yakilimwa na watumwa, na wenyeji wakabaki kwenye mawe ya mashariki na kusini. Mwinyi Mkuu, mtawala wao wa jadi, aliyejenga kasri lake Dunga katikati ya karne hiyo, alifariki 1865, na enzi yake haikudumu baada yake. Ngoma na siwa zake zimehifadhiwa hadi leo; ardhi ilikwisha kwenda.

Ng'ambo ilikua upande wa pili wa mkondo wa maji uliotenga Mji Mkongwe, mkondo ambao siku hizi umefukiwa na umetuachia jina la Darajani. Hasa baada ya amri ya 1897 ya kukomesha utumwa, walihamia huko watu wa kila asili: Wamanyema, Wanyasa, Wazaramo, Wangazija, na wenyeji waliotoka shamba kutafuta kazi mjini. Viwanja vilikuwa vya matajiri au vya wakfu. Mwanzoni mtu aliomba kwa mwenye shamba, akajenga nyumba ya udongo na makuti, na malipo yake yalikuwa heshima na utiifu zaidi kuliko fedha. Nyumba ilikuwa mali yake kamili. Desturi ile ile ya kutenga kilichojengwa na udongo uliokibeba, ambayo kule shamba ilimlinda mwenyeji, hapa mjini iliwasaidia maskini kupata pa kulala.

Kisha ikageuzwa silaha dhidi yao. Katika miaka ya 1920 wenye viwanja walipandisha kodi, na mahakama za serikali ya Kiingereza zikasimama upande wao. Aliyeshindwa kulipa aliiona nyumba yake ikienda kwa deni la udongo. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo wakagoma: hatulipi. Wanawake, ambao wengi wao walimiliki nyumba kwa majina yao wenyewe, walisimama mbele. Naona tunawatendea dhulma tunapoisimulia siasa ya Zanzibar kana kwamba ilianza na vyama. Kabla ya chama chochote cha siasa, hawa walikuwa wamekwishasema kwamba kukaa mahali kunampa mtu haki, na serikali ililazimika kutunga sheria ya kuzuia kodi zile. Mwaka huo huo Siti binti Saad, mwimbaji wa Ng'ambo aliyezaliwa Fumba na kuwahi kuuza vyungu, alisafiri hadi Bombay kurikodi nyimbo zake. Ng'ambo ilikuwa imepata sauti mbili kwa mpigo.

Baada ya Mapinduzi, mwaka 1964, ardhi yote ikawa ya serikali. Kodi ya kiwanja ikafa, na wakulima wengi wakagaiwa eka tatu tatu. Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 inasema ardhi ni ya umma chini ya Rais, na raia hupewa haki ya matumizi. Ni ulinzi mkubwa kuliko ule wa bibi yangu. Lakini haki ya matumizi huandikwa kwenye karatasi, na ukoo, uwanda na mnazi uliopandwa na babu havijapata nafasi nzuri katika karatasi hizo. Pwani ya Paje, Jambiani na Nungwi imejaa hoteli juu ya ardhi ambayo zamani isingeuzwa bila ya wazee kukaa.

Mnazi wa uani umeshakatwa. Jang'ombe nayo inapimwa na kujengwa upya, na wanaojua nani alipanda nini wanazidi kupungua. Nawaomba wenzangu: kabla mpimaji hajafika, kaeni na bibi zenu barazani, waulizeni kiwanja kilikuwa cha nani na mti ulikuwa wa nani, na muyaandike majibu yao pamoja na majina.