Filta ya hewa ya pamba: namna ya kuiosha bila kuua injini

Ukifungua boneti ya Subaru au Probox iliyofanyiwa marekebisho hapa Pwani, si ajabu kukuta filta nyekundu yenye umbo la koni badala ya ile ya karatasi iliyokuja na gari. Vijana huiita eya klina ya spoti. Huoshwa na kutumiwa tena kwa miaka, na shida huanzia hapo, kwa kuwa wengi huiosha kama wanavyoosha kila kitu gereji: petroli, kisha kompresa.

Filta hizi zilienezwa na kampuni ya K&N ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1969. Ndani yake mna matabaka ya kitambaa cha pamba kilicholegea mfano wa bandeji, yaliyokunjwakunjwa kati ya nyavu mbili za waya na kupakwa mafuta yanayonata. Matundu ya pamba ni makubwa, kwa hiyo mafuta yana kazi kubwa ya kunasa vumbi. Pamba iliyokauka mafuta hupitisha mchanga mwembamba hadi kwenye silinda, ukakwaruza kuta na kula ringi za pistoni. Dalili huchelewa kuonekana. Gari huanza kunywa oili na kutoa moshi wa samawati, na wakati huo mwenyewe yuko mbioni kutafuta injini ya mtumba.

Watengenezaji husema filta inaweza kufika kilomita 80,000 kabla ya kuoshwa, kwenye barabara za kawaida. Hesabu hiyo haimhusu anayepanda Kinango au Ganze kila siku, wala dereva wa lori la mawe. Msimu wa kaskazi, ardhi ikiwa kavu, ikague kila unapobadilisha oili. Rangi isikutishe: kama waya bado unaonekana kote juu ya vumbi, iache ifanye kazi.

Ikifika wakati wa kuosha, ichomoe injini ikiwa imezimwa na kupoa, kisha ziba mdomo wa bomba kwa kitambaa safi. Gongagonga filta taratibu vumbi kubwa lidondoke. Ipulizie dawa yake ya kusafishia pande zote mbili na uiache dakika 10, bila kuianika juani, maana dawa ikikaukia ndani uchafu hushika tena. Suuza kwa maji ya mfereji yanayotiririka polepole, ukianzia upande wa ndani ulio safi kuelekea nje, ili vumbi litoke lilikoingilia. Maji yakitoka bado na rangi ya udongo, rudia.

Wengi wetu tunategemea visima vya maji ya chumvi. Suuzia ya mwisho iwe ya maji matamu au ya mvua, kwani chumvi ikibaki itaanza kula wavu wa waya.

Kukausha ndiko kunakowashinda watu. Kompresa hupasua pamba, na moto au mashine ya kukausha nywele hunyausha mpira wa pembeni. Itundike kivulini penye upepo. Kwa unyevu wetu, hasa miezi ya masika, huenda ikahitaji siku nzima na zaidi. Ukiipaka mafuta ikiwa na maji, hayatashika.

Mafuta yawe yale yaliyotengenezewa filta. Oili ya injini na ya gia hazifai. Pitisha mstari mmoja mwembamba juu ya kila mkunjo, subiri dakika 20, kisha ongeza kidogo palipobaki peupe. Mimi niliwahi kudhani kuzidisha ni kuzuri zaidi. Siku chache baadaye taa ya injini ikawaka na gari likawa linashtukashtuka, kwa sababu mafuta yaliyozidi yalivutwa hadi kwenye sensa ya kupima hewa na kuufunika waya wake mwembamba. Ikikupata hivyo, sensa hiyo ina spreya yake maalumu. Usiiguse kwa kidole wala brashi.

Unaporudisha, hakikisha mpira umekaa sawasawa na klipu zimeshika. Filta safi iliyokaa upande ni mbaya kuliko chafu iliyoziba vizuri.

Si kila filta ya kuoshwa hupakwa mafuta. Zipo za nyuzi za viwandani zinazotumika kavu, kwa hiyo soma maelezo yake kwanza. Ya karatasi haioshwi kamwe.

Je, inaongeza nguvu? Kwenye gari la kawaida, kidogo mno. Sauti ndiyo huongezeka. Hata suala la mafuta limetiliwa chumvi: utafiti wa maabara ya Oak Ridge, Marekani, mwaka 2009 ulionyesha kuwa filta iliyoziba haikuongeza ulaji wa petroli katika magari ya kisasa, bali ilipunguza uwezo wa kuchomoka. Faida kubwa ya kweli ni kutonunua filta mpya kila mara.

Filta ya karatasi iliyokuja na gari usiitupe, kama bado ni nzima. Ifunge humo ya pamba inapokauka, usije ukashawishika kuendesha bila filta "hadi hapo dukani tu".