Saba Saba: Tarehe Moja, Kumbukumbu Mbili

Sikukuu nyingi za kitaifa hupewa majina yanayotaja jambo linaloadhimishwa: Siku ya Uhuru, Siku ya Jamhuri, Siku ya Mapinduzi. Msikilizaji alisikiapo jina huwa amekwisha kupewa na maana yake. Katika Afrika Mashariki, hata hivyo, iko siku moja ambayo jina lake halitaji shujaa, wala chama, wala tukio, bali hesabu tu. Siku hiyo ni tarehe 7 Julai, yaani Saba Saba. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jina hilo, kwa kuwa halitaji tukio lolote, limeweza kubeba matukio ambayo maana zake zinapingana. Na kwamba ni wajibu wa wataalamu wa lugha kuzihifadhi maana hizo zote.

Yafaa kwanza kulitazama jina lenyewe. Neno saba lina asili ya Kiarabu, nalo lilichukua nafasi ya neno la Kibantu mfungate, ambalo athari yake ingali katika neno fungate, yaani zile siku saba za arusi. Uradidi wa namba katika Kiswahili kwa kawaida huonyesha mgawanyo: watu wakiingia saba saba, wameingia kwa mafungu ya watu saba. Katika jina la siku hakuna mgawanyo wowote. Saba ya kwanza ni tarehe na ya pili ni mwezi. Kwa hiyo uradidi huo ni wa umbo tu, si wa maana. Jambo hilo liliwezekana kwa kuwa wasemaji wengi husema "mwezi wa saba" badala ya Julai. Wala desturi ya kuihesabu miezi si ngeni katika lugha hii, maana tangu zamani watu wa pwani wameitaja miezi inayofuata Ramadhani kwa namba, kuanzia Mfunguo Mosi hadi Mfunguo Tisa.

Tukio lililoipa tarehe hiyo umaarufu lilitokea Dar es Salaam. Tarehe 7 Julai, 1954, wajumbe wa Tanganyika African Association, chama kilichokuwa na chimbuko lake katika mwaka wa 1929, walikigeuza chama chao kuwa TANU, naye Julius Nyerere akawa rais wake. Katika nchi yenye makabila zaidi ya mia moja, Kiswahili kilikifaa chama hicho kama chombo cha kuwafikia watu wa mijini na wa mashambani kwa neno moja. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba, 1961, na siku ya kuzaliwa kwa chama ikawa sikukuu.

Tarehe 5 Februari, 1977, TANU iliungana na Afro-Shirazi Party kuunda Chama cha Mapinduzi. Siku hiyo ilitimiza miaka kumi tangu kutangazwa kwa Azimio la Arusha, jambo linalodhihirisha kwamba viongozi waliijua vema thamani ya tarehe. TANU ikatoweka, lakini Saba Saba ikabaki. Jina lilihamia kwenye maonyesho ya biashara ya Dar es Salaam na viwanja vyake katika Barabara ya Kilwa. Likazaa na mwenziwe, Nane Nane, siku ya wakulima ya tarehe 8 Agosti. Katika vita vya 1978 na 1979, hata maroketi ya jeshi la Tanzania yaliitwa saba saba huko Uganda. Huko jina la sikukuu lilikuwa limegeuka kuwa jina la kitisho.

Nchini Kenya jina hilo lilipata historia nyingine. Mwaka wa 1982, kifungu cha 2A kilitiwa katika Katiba, na nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria. Mnamo Mei 1990, Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliopata kuwa mawaziri, walidai hadharani mfumo wa vyama vingi, kisha wakaitisha mkutano wa hadhara katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, Jumamosi tarehe 7 Julai. Serikali ilikataa kutoa kibali, na tarehe 4 Julai wote wawili wakatiwa kizuizini. Wananchi walikwenda hata hivyo. Polisi waliwatawanya kwa nguvu, na ghasia zikaenea katika miji mingine kwa siku kadhaa. Watu wasiopungua ishirini waliuawa, na zaidi ya elfu moja wakakamatwa. Kifungu cha 2A kilifutwa mnamo Desemba 1991, na uchaguzi wa vyama vingi ukafanywa tarehe 29 Desemba, 1992.

Kinyume kilichopo hapa si kidogo. Saba Saba ya Tanganyika ilikuwa kuzaliwa kwa chama ambacho kufikia 1965 kilikuwa chama pekee cha halali Tanzania Bara. Saba Saba ya Kenya ilikuwa uasi dhidi ya chama pekee. Upande mmoja wa mpaka jina lilitangazwa na dola. Upande wa pili lilitamkwa na waliofukuzwa na askari wa dola. Tena uwanja uliokusudiwa kwa mkutano huo umeipa lugha neno jingine, kwani katika Kiswahili cha Kenya kamukunji sasa ni mkutano wowote wa mjadala, hata wa wanafunzi. Hivyo namba zimekuwa jina la pekee, na jina la mahali limekuwa nomino ya kawaida.

Matukio mengine mawili yameifuata tarehe hiyo. Mkataba wa kuanzisha upya Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba, 1999, ulianza kutumika tarehe 7 Julai, 2000. Mkataba huo uliifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi, na kuagiza kwamba Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano ya Jumuiya. Kisha, mnamo Novemba 2021, UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, nayo ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2022. Sababu iliyotolewa ya kuichagua tarehe hiyo ni ile ya 1954: kwamba TANU ilikifanya Kiswahili kuwa silaha ya umoja katika kupigania uhuru.

Sababu hiyo ni ya haki, lakini ni nusu ya habari. Mnamo 7 Julai, 2025, wakati Kiswahili kilipokuwa kikisherehekewa, barabara za kuingilia Nairobi zilifungwa, na waandamanaji walioikumbuka 1990 wakauawa. Walioshika mabango siku hiyo walitumia jina lile lile lililokuwa katika mialiko ya makongamano.

Jambo hili linamhusu mtunga kamusi kabla ya mwanahistoria. Kidahizo kitakachoieleza Saba Saba kuwa ni "sikukuu ya kuzaliwa kwa TANU" peke yake kitakuwa kimemwacha nje msemaji wa Nairobi. Na kitakachoieleza kuwa ni "siku ya maandamano" peke yake kitakuwa kimemwacha nje msemaji wa Dar es Salaam. Maana zote mbili zaandikwe, kila moja kwa mwaka wake na mahali pake, na ya tatu, ile ya lugha yenyewe, iongezwe chini yake. Lugha inayoadhimishwa kwa sababu iliwaunganisha watu haipasi kuwasahaulisha kilichowagharimu baadhi yao siku hiyo hiyo.