Upimaji wa kisukari baada ya kujifungua

Upimaji wa kisukari baada ya kujifungua ni uchunguzi wa sukari katika damu anaofanyiwa mwanamke aliyekuwa na kisukari cha mimba, kwa kawaida kati ya wiki ya 4 na ya 12 tangu ajifungue. Hulenga kumtambua aliyebaki na kisukari na aliye njiani kukipata. Kipimo chenyewe ni chepesi. Kazi ni kumfikisha mama maabara.

Chanzo

Homoni za kondo la nyuma hudhoofisha kazi ya insulini. Kondo likishatoka, sukari ya wengi hushuka upesi, na mama huambiwa, au hujiambia, kwamba amepona. John O'Sullivan na Claire Mahan wa Boston, Marekani, walipotoa viwango vya kisukari cha mimba mwaka 1964, walivipima kwa kuwafuatilia wanawake waone ni nani angeugua kisukari miaka ya mbele. Uchambuzi uliotolewa na jarida la Lancet mwaka 2009 ulikadiria kuwa waliopata kisukari cha mimba wana hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili mara saba ya wenzao. Ule wa jarida la BMJ wa mwaka 2020 uliikadiria kuwa karibu mara kumi.

Kipimo

Mama hufika asubuhi bila kula tangu usiku. Hutolewa damu, hunywa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa majini, kisha hukaa saa mbili na kutolewa damu tena. Milimoli 7.0 kwa lita kabla ya kinywaji, au 11.1 baada yake, huonyesha kisukari. Kwa anayenyonyesha, mwenye njaa na mtoto mikononi, saa mbili za benchi si haba. Uingereza ilirahisisha: mwongozo wake wa mwaka 2015 unakubali kipimo kimoja cha kabla ya kula, kati ya wiki ya 6 na ya 13. Kipimo cha HbA1c, cha wastani wa sukari ya miezi iliyopita, hakitegemewi wiki za mwanzo, kwa kuwa damu iliyopotea wakati wa kujifungua hupotosha majibu. Mwenye majibu mazuri naye hurudia kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu.

Vikumbusho

Wanaokosa kupimwa mara nyingi hawakukataa. Wodi ya wazazi hudhani daktari wa kawaida atapima, naye huenda hana habari kwamba mimba ile ilikuwa na kisukari. Jaribio mashuhuri lilifanyika Ottawa, Kanada, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2009. Wanawake 223 waligawanywa kwa kura: wengine waliandikiwa barua wao, wengine waliandikiwa madaktari wao, wengine pande zote mbili, na waliobaki hawakuandikiwa. Kwa wasioandikiwa, asilimia 14 tu walifanya kipimo cha glukosi. Barua ilipokwenda kwa mama na daktari, walifika asilimia 60 hivi. Barua kwa mama peke yake ilivuta asilimia 55. Ni matunda makubwa kwa gharama ya stempu. Australia ilianzisha mwaka 2011 daftari la taifa la wenye kisukari cha mimba, ambalo humkumbusha mama na daktari wake.

Afrika Mashariki

Wiki ya sita mtoto hupelekwa kliniki kwa chanjo ya pentavalenti, na pwani huwa mama ametoka tu kwenye arobaini. Siku hiyo iko ndani ya muda wa kipimo, lakini kadi inayofunguliwa mezani ni ya mtoto. Mama akiulizwa, huulizwa zaidi kuhusu uzazi wa mpango.

Kinga

Katika utafiti wa Marekani wa kuzuia kisukari, dawa ya metformini na kupunguza uzito kwa mazoezi na mlo, kila njia ilipunguza hatari kwa takriban nusu kwa wanawake waliowahi kupata kisukari cha mimba na ambao sukari yao ilikuwa tayari imeanza kupanda. Kunyonyesha kwa muda mrefu kumehusishwa pia na hatari ndogo. Anayepanga mimba nyingine hushauriwa kupimwa kabla ya kushika mimba.